Fimbo ya Elisha Mikononi mwa Gehazi

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 18:13–27, 20:8–11, Hes. 11:24–29, 2 Sam. 11:14–17, 12:9, 2 Fal. 4:18–37, Marko 9:14–29, Mdo. 13:1–13, 42, 43, 15:36–41.

Fungu la Kukariri: 2 Timotheo 2:2.

Mtoto wa mwanamke Mshunami alikufa adhuhuri, akiwa magotini pa mama yake. Mama akatandikiwa punda, akaenda mlima Karmeli kumtafuta mtu wa Mungu. Elisha alipoelewa shida yake, hakutangulia yeye. Alimwita Gehazi mtumishi wake, akampa fimbo yake mkononi, akamwagiza aende mbio pasipo kusalimiana na mtu njiani, akaiweke fimbo ile juu ya uso wa mtoto. Gehazi akaenda, akafanya kama alivyoagizwa. Hapakuwa na sauti wala dalili ya uhai. Akarudi, akakutana na bwana wake njiani, akamwambia ukweli kwamba mtoto hakuamka.

Wengi wetu tukifika hapa humhukumu Gehazi upesi, kwa sababu tunajua habari zake za sura ya 5, jinsi alivyoikimbilia fedha ya Naamani na kurudi na ukoma. Lakini katika kazi hii ya fimbo hakuandikiwa kosa lolote. Hakuchelewa, hakubadili maagizo, hakudanganya alipotoa taarifa. Alipewa kazi, akaifanya, na kazi ikashindikana. Wala Elisha hakumkemea. Alikuwa tayari njiani, akaingia mwenyewe ndani, akafunga mlango, akaomba.

Habari hii inatufikisha kwenye swali la juma hili, ambalo linawagusa hasa ndugu zetu wanaoishi kwa taaluma zao: wahandisi, wahasibu, wanasheria, wapima ardhi, na wote ambao ofisi zetu huwaita washauri waelekezi. Mtu mwenye ujuzi anapompa kijana kazi yake aifanye, anampa nini hasa? Na kazi ile ikiharibika, ni nani anayepaswa kuulizwa?

Mtu anayeishi kwa kuhitajiwa

Hapa Tanga jina la mshauri mwelekezi si geni. Bandari yetu imepanuliwa. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Kila kazi ya namna hiyo, hata barabara ndogo ya mtaa au hesabu za chama cha akiba na mikopo, humhitaji mtu wa kupima, kukagua, kushauri na kutia saini. Baadhi ya watu hao huketi nasi katika darasa la Shule ya Sabato.

Mshauri hauzi bidhaa ya kubebwa kwenye mfuko. Anauza ujuzi wake na uamuzi wake. Ndiyo maana jaribu lake ni tofauti na la mwenye duka. Mwenye duka akiuza mchele leo, kesho mteja atarudi kwa kuwa mchele umeliwa. Lakini mshauri akimfundisha kijana wa ofisini kwake, au ofisa wa halmashauri anayoishauri, yote anayoyajua, huenda zabuni ya mwakani asiitwe. Anaishi kwa kuhitajiwa. Kufundisha kwa uaminifu ni kupunguza, siku kwa siku, sababu ya yeye kuhitajiwa.

Kwa hiyo wengi hufuata njia ya katikati. Kijana huachiwa kazi yote ya mikono. Hushinda juani na vipimo, hujaza majedwali, huandika rasimu ya ripoti mpaka usiku. Mkubwa huichukua rasimu ile, hubadilisha hesabu na maneno bila kueleza sababu, hutia saini na mhuri, kisha huenda peke yake kwa mteja. Baada ya miaka mitano kijana anajua kutengeneza majedwali mazuri, lakini hajawahi kukaa mbele ya mteja, hajawahi kusema hapana kwa mtu mwenye fedha, hajawahi kuamua jambo ambalo likienda vibaya litamnyima usingizi. Fimbo anayo. Jinsi ya kuomba nyuma ya mlango uliofungwa hajaonyeshwa.

Sheria za nchi zimeliona tatizo hili. Kanuni za mwaka 2017 za ushirikishwaji wa Watanzania katika shughuli za mafuta na gesi zinawataka wakandarasi waeleze jinsi watakavyowaajiri na kuwafunza wenyeji, na jinsi nafasi zinazoshikwa na wageni zitakavyorithiwa. Ni kanuni njema. Lakini sheria inaweza kudai mpango wa urithi uliopigwa chapa na kuwekwa kwenye jalada. Haiwezi kuufungua moyo wa mtu anayeogopa kurithiwa. Hilo ni jambo la dhamiri, na dhamiri ni sehemu ya somo letu.

Alichokitoa Musa, na alichobaki nacho

Ushauri wa kwanza wa kitaalamu ulioandikwa katika Maandiko ulitolewa na mgeni. Yethro alikuja kumtembelea mkwewe jangwani, akamwona Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Aliona hatari mbili: Musa atadhoofika, na watu nao watadhoofika. Mara nyingi tunaikumbuka ile ya kwanza tu. Kiongozi anayefanya yote hujiona anajitoa mhanga kwa ajili ya watu, kumbe foleni iliyo mlangoni pake inawachosha hao hao anaowapenda.

Tazama utaratibu wa ushauri wa Yethro. Katika fungu la 20 anamwambia Musa awafundishe watu sheria na kuwaonyesha njia ya kuiendea na kazi ya kuifanya. Ni katika fungu la 21 ndipo anaposema achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kufundisha kumetangulia kuchagua. Tena sifa alizozitaja si za akili peke yake: wawe watu hodari, wamchao Mungu, watu wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Mtu anayepewa uamuzi bila kuwa na sifa hizo atageuza uamuzi kuwa biashara.

Kisha tazama Musa alitoa nini. Hakutoa kazi ya kuwapanga watu foleni ili yeye aendelee kuamua kwa haraka zaidi. Alitoa hukumu yenyewe. Mkuu wa kumi aliamua neno la watu wake kumi, na uamuzi wake ulisimama. Kilichobaki kwa Musa kilikuwa mambo mawili: maneno magumu yaliyowashinda wengine, na kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya watu. Kwa maneno mengine, alitoa kazi, alitoa uamuzi, alitoa na njia ya kuamua. Dhamana ya taifa lote mbele za Mungu hakuweza kuitoa.

Hapa tuna kipimo rahisi cha kujipima. Anayekasimu kwa haki hutoa mambo matatu na kubaki na moja. Hutoa kazi, hutoa uamuzi unaolingana na kazi hiyo, na hutoa njia, yaani ule ujuzi wa ndani wa kwa nini tunafanya hivi na si vile. Hubaki na dhamana. Ubaya huanza pale tunapofanya kinyume, tunapobaki na uamuzi na njia, kisha mambo yakiharibika tunamtupia kijana dhamana.

Madaraka yaliyosafirishwa

Nchi yetu ilipata kujifunza tofauti hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Ushauri wa kuupanga ulitolewa na kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuyatoa maamuzi ya maendeleo Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Mikoa ilipewa mafungu yake ya fedha, na maofisa wa ngazi za juu wakahamishiwa mikoani na wilayani. Mikoa ilipata pia wahisani na wataalamu wa kuisaidia kupanga maendeleo. Mkoa wetu wa Tanga ulipata wataalamu kutoka Ujerumani Magharibi.

Lakini katika mpango huo huo halmashauri za wilaya, ambazo madiwani wake walichaguliwa na watu, zilivunjwa, na za miji zikafuata. Madaraka yalitoka makao makuu, yakasafiri mpaka mkoani, yakafikia mikononi mwa ofisa aliyeteuliwa na makao makuu. Diwani aliyekuwa ameanza kujifunza kuamua mambo ya watu wake, pamoja na makosa yake yote, alinyang'anywa kiti cha kujifunzia. Miaka haikupita mingi kabla ya upungufu kuonekana. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikapitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu waliotutangulia. Walikuwa na haraka, kwa kuwa umaskini haukuwa unasubiri, na kazi za halmashauri nyingi zilikuwa kweli zinasuasua. Lakini hapo ndipo somo lilipo. Mtu mwema mwenye haraka ndiye anayeshawishika zaidi kumwondoa mwanafunzi kitini na kumweka mtaalamu. Kazi ya mwaka huo huenda ikawa nzuri zaidi. Ila mwaka utakaofuata atamhitaji mtaalamu tena, na unaofuata tena, kwa kuwa aliyekuwa anajifunza amerudishwa nyumbani.

Dhamana haikasimiwi

Sasa tuje kwenye upande wa pili, maana wako wanaokasimu kupita kiasi. Hao huachia kila kitu, wakaita hilo imani kwa vijana.

Kwenye daladala zetu kuna mtu anayeitwa deiwaka. Mwenyewe akichoka, deiwaka hushika gari kwa saa kadhaa. Anapewa gari na anatajiwa hesabu ya siku. Hakuna anayekaa pembeni yake kumwonyesha kona ipi ina hatari. Hatumlaumu deiwaka, anatafuta riziki. Lakini abiria aliyelipa nauli hajui ni nani amemshika roho yake mkononi. Ofisi nyingi za kitaalamu zina madeiwaka wenye shahada. Mteja amelipia ujuzi wa mtu wa miaka ishirini kazini, kumbe kazi imefanywa na mhitimu wa miezi mitatu, na mkubwa ametia saini bila kusoma.

Je, ni dhambi kumpa mhitimu kazi ya mteja? La hasha. Bila hivyo hakuna atakayejifunza. Dhambi iko katika uongo unaozunguka kazi hiyo. Saini ni ushuhuda. Inamwambia mteja kwamba mwenye jina hili ameyaona haya na anayasimamia. Anayetia saini asichokisoma ameshuhudia uongo, na amri ya tisa haimwachi kwa sababu mhuri wake ni halali. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango unaomweka mhitimu wa uhandisi chini ya mhandisi mlezi kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo mitatu inaweza kuwa malezi, na inaweza kuwa karatasi. Tofauti haiko katika kanuni za Bodi. Iko katika mlezi, kama anakaa na kijana au anamwambia tu, "Lete nisaini."

Kuna na jambo zito zaidi. Daudi alitaka Uria afe, lakini hakushika upanga. Aliandika waraka, akampa Uria mwenyewe aupeleke, na Yoabu akautekeleza. Kwa utaratibu wa ofisi, jalada la Daudi lilikuwa safi. Nathani alipokuja hakumtaja Yoabu. Alimwambia mfalme kwamba ni yeye aliyemwua Uria, kwa upanga wa wana wa Amoni. Mbele za Mungu mkono ulioandika agizo na mkono ulioshika upanga havikutenganishwa kama tunavyopenda vitenganishwe.

Neno hilo linatufikia Waadventista karibu sana na nyumbani. Mradi unaendelea siku ya Sabato. Mshauri Mwadventista anakuja kanisani na Biblia yake, simu ameizima, na kijana wake ambaye si wa imani yetu, au ambaye ni wa imani yetu lakini mdogo asiyeweza kukataa, yuko kazini akisimamia zege likimwagwa kwa jina la bosi. Amri ya nne ilipotoa pumziko haikuishia kwa mwenye nyumba. Ilimtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, na hata mgeni aliye ndani ya malango. Ziko huduma za lazima kwa uhai wa watu, na hizo kila mmoja azipime kwa maombi. Lakini kumpa mdogo kazi ili mikono yetu ionekane safi si kukasimu madaraka. Ni kukasimu dhambi, na dhamana yake inabaki pale pale.

Hofu ya kurithiwa

Mtu atauliza kwa haki kabisa, "Nina watoto shuleni. Nikimfundisha kijana kila kitu, naye akafungua ofisi ng'ambo ya barabara, mimi nitakula nini?" Swali hili lisijibiwe kwa juu juu. Hofu ya njaa si kitu cha kuchekwa. Wala Maandiko hayamwambii mtu atoe ujuzi wake kwa kila mpita njia. Mkataba wa haki kati ya mlezi na mwanafunzi, wenye muda na masharti yanayojulikana na wote wawili, ni jambo jema. Wazee wetu walikuwa nao kabla ya ofisi kuja. Ukipita mitaa ya Makorora utamwona fundi gari na vijana wawili watatu chini ya gari. Kijana anajua kwamba kwa sasa hapati sawa na fundi, na anajua pia kwamba siku moja ataondoka na ujuzi. Hilo halimdhulumu mtu.

Linalodhulumu ni kumweka kijana kwa ahadi ya kujifunza huku umekusudia moyoni asijue. Huko ni kuchukua miaka ya ujana wake kwa malipo ya uongo. Miaka hairudishwi kama fedha.

Musa naye alijaribiwa jambo hili. Wazee sabini walipojazwa Roho, wawili kati yao, Eldadi na Medadi, hawakuwa wamefika hemani. Wakatabiri wakiwa kambini, nje ya utaratibu na nje ya macho ya Musa. Yoshua alitaka wakatazwe, kwa ajili ya heshima ya bwana wake. Musa akamwuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, na akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Tuangalie ni nani aliyeona wivu. Ni mwanafunzi, kwa niaba ya mwalimu. Mara nyingi ofisini na kanisani wanaozuia wengine wasiinuke ni wale wanaomlinda mkubwa kuliko mkubwa anavyojilinda. Na angalia tena: Mungu alitwaa sehemu ya Roho iliyokuwa juu ya Musa akaiweka juu ya wale sabini, lakini hatusomi kwamba Musa alipungukiwa na kitu siku ile.

Barnaba anatupeleka mbele zaidi. Ndiye aliyemchukua Sauli wakati mitume walipomwogopa, ndiye aliyemfuata Tarso na kumleta Antiokia. Katika Matendo 13:2 wanaitwa Barnaba na Sauli. Kabla sura haijaisha wamekuwa Paulo na Barnaba. Mwanafunzi ametangulia, na hatusomi neno moja la manung'uniko kutoka kwa mlezi. Baadaye Paulo alipomkataa Yohana Marko kwa kuwa aliwaacha safarini, Barnaba alikuwa tayari kuachana na Paulo kuliko kumwacha kijana aliyeshindwa mara moja. Miaka ikapita, na Paulo huyo huyo akamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Barnaba hakuwepo kupokea shukrani. Sisi tumepokea Injili inayoitwa kwa jina la Marko.

Walezi wanapoondoka bila kuaga

Kuna wakati ambapo Mungu huruhusu mlezi aondoke kabla hajajiandaa, na hapo ndipo malezi yake huonekana. Kazi ya kanisa letu katika nchi hii ilianza mwaka 1903, katika milima ya Upare, wamisionari wa Kijerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofungua kituo cha Giti. Wengine wakafuata. Ernst Kotz alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, akachapisha sarufi yake mwaka 1909, kisha akafanya kazi ya kuitafsiri Agano Jipya. Tafsiri haifanywi na mgeni peke yake. Kila neno huulizwa kwa mwenyeji, na mwenyeji anayeulizwa maana ya neno moja moja analijua Andiko kwa namna ambayo msikilizaji wa hubiri halijui.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Upare, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hapakuwa na mpango wa kukabidhiana, wala hapakuwa na kipindi cha mpito. Vituo vilibaki na waumini wenyeji, watu ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wanajifunza kusoma. Kanisa halikufa. Waliendelea kukutana na kulishika neno mpaka wamisionari wengine walipokuja baada ya vita. Leo Upare ni miongoni mwa sehemu ambazo Uadventista umezama mizizi mirefu zaidi nchini.

Jiulize, ndugu msomaji: kama wamisionari wale wangelishika neno lote mikononi mwao, wakawaachia wenyeji kazi ya kubeba mizigo na kupiga kengele tu, nini kingebaki mwaka 1916? Na ofisi yako, au idara yako kanisani, ikiamka kesho haina wewe, ni nini kitakachobaki?

Baada ya kushindwa

Turudi kwa Gehazi, kwa njia ya Injili. Katika Marko 9 wanafunzi wa Yesu waliletewa kijana mwenye pepo. Walikuwa wametumwa mapema wakiwa na mamlaka juu ya pepo wachafu, na walikuwa wamefaulu. Safari hii walishindwa, mbele ya umati na mbele ya waandishi waliokuwa wakibishana nao. Yesu akaja. Kama Elisha, aliifanya kazi mwenyewe, kwa maana mtoto yule na baba yake hawakuwa uwanja wa mazoezi. Mteja hawezi kuachwa aumie ili mwanafunzi ajifunze. Alihuzunishwa na ukosefu wao wa imani, wala hakulificha hilo.

Ila kuna jambo moja ambalo katika habari ya Gehazi halikuandikwa. Wanafunzi walipoingia nyumbani walimwuliza kwa faragha kwa nini wao hawakuweza, naye akawajibu. Aliwaambia kwamba namna ile haitoki isipokuwa kwa kuomba. Aliwapa njia yenyewe. Mlango uliofungwa Shunemu ulifunguliwa kidogo kule nyumbani, ili wanafunzi waone kilicho ndani.

Hapo ndipo malezi yanapofanyika, katika yale mazungumzo ya faragha baada ya kushindwa. Mkubwa anayeirekebisha ripoti usiku na kunyamaza amemwokoa mteja, lakini amempoteza kijana. Mkubwa anayemfokea kijana mbele ya mteja amewapoteza wote wawili. Anayeifanya kazi upya, akabeba lawama mbele ya mteja kwa kuwa dhamana ni yake, kisha akakaa na kijana na kumwambia, "Hapa ndipo ulipokosea, na hivi ndivyo mimi ninavyoamua jambo kama hili," huyo anafanana na Bwana wake. Jambo hilo haligharimu fedha. Linagharimu saa moja, na kiburi kidogo cha kuwa peke yetu tunaojua.

Paulo alimwagiza Timotheo ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Katika fungu hilo moja kuna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na hao wengine. Malezi hayajakamilika mwanafunzi anapoweza kufanya kazi. Yanakamilika anapoweza kumlea mwingine. Yoshua alilelewa vizuri na Musa, akawekewa mikono mbele ya mkutano wote, lakini Maandiko hayatutajii mtu ambaye Yoshua naye alimwekea mikono. Kinachofuata ni Waamuzi 2:10, kizazi kisichomjua Bwana wala kazi aliyoitendea Israeli. Haitupasi kumtwika Yoshua lawama ambayo Biblia haikumtwika. Lakini sisi tuliosoma habari yake hatuna udhuru.

Juma hili, kila mmoja wetu mwenye kijana chini yake, ofisini, karakana, nyumbani au kanisani, amwite kwa jina katika maombi, kisha amwulize swali moja: "Ni jambo gani unaloniona nikilifanya, ambalo sijawahi kukuonyesha namna ya kulifanya?" Jibu lake ndilo fungu la kazi tulilodaiwa.

Maswali ya kujadili:

1. Mteja ana haki ya kujua ni nani hasa aliyefanya kazi yake? Tukisema ndiyo, tunawezaje kumwambia bila kumharibia kijana nafasi ya kujifunza?

2. Soma tena Kutoka 20:10. Katika kazi yako, ni lini kumwachia mwingine shughuli za siku ya Sabato ni huduma ya lazima, na ni lini ni kumbebesha mwingine uvunjaji wa amri?

3. Je, kuna ujuzi ambao mtaalamu ana haki ya kubaki nao kwa ajili ya riziki yake? Weka mpaka, kisha eleza kwa nini umeuweka hapo.

4. Gehazi alilelewa na nabii mkuu, bado akaanguka kwa tamaa. Mlezi anawajibika kwa kiasi gani kwa tabia ya aliyemlea? Linganisha na sifa nne za Kutoka 18:21.

5. Kamati ya mapendekezo ya kanisa lako inapokutana, ni kazi zipi ambazo jina lile lile hurudi kila mara? Je, ni kwa sababu hakuna mwingine anayeweza, au kwa sababu hakuna mwingine aliyeonyeshwa?